Jina Lililokuwa Kwenye Kona ya Skrini

Wewe uliiona ile picha. Usiniambie hukuiona. Ilipita kwenye simu yako tarehe ishirini na moja Februari, saa nne asubuhi: msichana aliyevaa dera la kijani, amesimama mbele ya ukuta wa nyumba yangu, anacheka. Chini yake maneno yangu: "Huyu ndiye aliyewauza wanawake wa kiwandani. Asipokelewe popote." Uliitazama kidogo, ukaisukuma kwenye grupu la ukoo, ukarudi kwenye mambo yako. Hukuuliza nimejuaje. Hukuuliza yeye mwenyewe anasemaje. Ulitazama pembeni. Na mie niliyeiandika nilikuwa nimeshatazama pembeni kabla yako, tena kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo kaa tusikilizane. Kesi hii ni yetu wote wawili.

Picha yenyewe ilipigwa sikukuu ya Idi. Kando ya yule msichana alikuwa binti yangu Najat, wameshikana mabega. Najat nilimkata.

Naitwa Mwinjuma. Hapa Chang'ombe wananiita Mzee wa Barua. Shule nimeishia darasa la saba, mengine nimejisomea mwenyewe, kwenye magazeti yaliyofungia vitumbua na kwenye vitabu vya sheria vinavyouzwa juu ya turubai. Mwaka wa thelathini huu nawaandikia watu: aliyevunjiwa banda, aliyefukuzwa kazi na kidole kimebaki kwenye mashine, mjane aliyezungushwa. Sisahau mtu. Namkumbuka aliyesaini na namkumbuka aliyesema kalamu imekauka.

Mwaka tisini na sita watu wa waajiri walikuja wakachukua daftari langu. Majina kumi na tisa yalikuwa humo, kwa mwandiko wangu, na watu kumi na tisa wakakosa kazi wiki hiyohiyo. Tangu hapo nina utaratibu wangu. Jina likishaingia kwenye kompyuta, karatasi inaingia kwenye jiko la mkaa. Sihifadhi nakala kwenye simu, simpi mtu anitunzie. Mke wangu Salma alikuwaga ananiambia, "Baba Najat, siku hiyo kompyuta yako ikifa je?" Namjibu haifi. Nilijiona mjanja kuliko wote waliowahi kunyang'anywa daftari.

Kompyuta ipo sebuleni, kwenye meza ya pembeni, imefunikwa kitambaa alichodarizi Salma. Miaka mitatu naiwasha, nasubiri, jina linatokea katikati, nagonga Enta, naingia. Pasiwedi sikuweka. Nyumbani kwangu nimfiche nani?

Mwezi wa sita nikapata miwani mpya, ya kupimwa, si ile ya kuokota sokoni. Asubuhi ya kwanza kuivaa nikawasha kompyuta, nikasubiri, na kabla sijagonga Enta nikaona kitu. Katikati ya skrini kuna jina langu, sawa. Lakini chini kabisa, kona ya kushoto, kuna majina mawili yamepangwa. Moja langu. La pili limeandikwa: Mtahiniwa.

Niliuvuta waya ukutani.

"Wameingia," nikamwambia Salma.

Alikuwa kibarazani na ungo wa mchele. "Akina nani?"

"Unajua akina nani. Wameingia kwenye mashine, wamejiwekea jina lao."

"Wamepitia wapi, Baba Najat? Mlangoni nimekaa mie tangu alfajiri. Au wamepita na huu mchele?"

"Wamejiita Mtahiniwa."

Hapo akaacha kuchambua. Sikumuuliza kwa nini. Niliona ameacha, nikatazama kwingine, nikaenda kuvaa viatu.

Nikamfuata Nurdin, fundi wa kompyuta, kibandani kwake Mwenge, nyuma ya wachonga vinyago. Kumpigia simu sikutaka. Akaja mchana, na begi lake mgongoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kuna mtu amekufuata?"

"Nimekuja na boda mzee. Aliyenifuata ni jua tu."

"Usicheke. Hii ishu kubwa."

"Sicheki. Washa tuone."

Akawasha, akaangalia kona ile, akakuna kidevu. "Kwanza tulia. Hii siyo virusi. Mwizi wa kwenye mtandao hakuandikii jina lake mlangoni ili umwone. Hii ni akaunti ya mtumiaji, ya kawaida kabisa. Hapa nyumbani mnatumia wangapi?"

"Mie peke yangu."

"Na wanao?"

"Ni Najat tu, na yuko chuoni Dodoma mwaka wa pili huu."

Nurdin akaingia kwa jina langu, akafungua huku na kule. Alikuwa anaeleza kila anachofanya, kama daktari mwenye adabu. Akaunti ile haijaungwa na mtandao wowote, imezaliwa humuhumu. Haina mamlaka ya kubadili chochote wala ya kuchungulia mafaili yangu. Aliyeifungua aliingia kwanza kwa jina langu, kwa sababu mlango wangu hauna kufuli, kisha akajitengea chumba chake pembeni. "Folda lake limeanza mwezi wa tano mwaka jana," akasema. "Mzee, huyu mtu alikaa kwenye kiti hikihiki. Tena mstaarabu. Angekuwa na nia mbaya angetumia chumba chako."

"Mstaarabu," nikasema. "Mwaka mzima ananisikiliza."

"Basi tumuulize ameingia lini mara ya mwisho."

Akafungua kile kidirisha cheusi, akaandika mstari mmoja, maandishi meupe yakashuka. Akaweka kidole kwenye kioo. "Tarehe ishirini Februari. Saa nane na dakika nane mchana. Tokea hapo hajaingia tena."

Nimekwambia sisahau mtu. Siku nazo sizisahau. Tarehe ishirini Februari ilikuwa hitma ya marehemu mume wa Bi Nusaiba, jirani yetu wa nyumba ya tatu. Salma na msichana wetu wa kazi, Jovina, waliondoka baada ya Adhuhuri na visu vyao na mbuzi ya kukunia nazi. Mie nikafunga mlango kwa ndani. Nilikuwa na kazi. Wanawake arobaini na mmoja wa kiwanda kimoja cha hapa jirani walikuwa wamenieleza, mmojammoja, jinsi mlango wa nyuma unavyotiwa kufuli zamu ikianza, na nani alizimia ndani, na nani alipiga mlango mpaka mkono ukavimba. Kesho yake asubuhi nilikuwa na miadi ya kupeleka maelezo yao kwa ofisa wa kazi. Nilikaa kwenye kiti kile tangu mchana mpaka adhana ya Isha, nachapa kwa vidole viwili, na kila ukurasa ukiisha nauchana na kuutia kwenye mkaa.

"Saa ya kompyuta inaweza kukosea," nikamwambia Nurdin.

"Inaweza. Hii iko sawa, linganisha na simu yangu."

Salma alikuwa amesimama mlangoni, ungo bado mkononi. "Siku hiyo mie na Jovina tulikuwa kwa Bi Nusaiba," akasema taratibu. "Vitunguu debe zima, tumetoka pale macho mekundu. Humu ndani alibaki nani?"

Nurdin alinitazama, akamtazama Salma, akajua ameingia kwenye jambo lisilo la mafundi. "Nifungue, mzee?"

"Fungua."

Akabonyeza lile jina. Halikuwa na pasiwedi, kama langu. Ikatokea skrini ya bluu, ileile, vialama vilevile. Hakuna tofauti ambayo jicho langu la zamani lingeiona. Ndani kulikuwa na folda la Bailojia, la Uraia, la Barua. Na chini yake faili moja limekaa peke yake, jina lake kwa herufi kubwa kama ninavyopenda mie: MAELEZO YA WANAWAKE 41.

"Hili umelitafuta?" Nurdin akauliza.

Nililitafuta, ndiyo. Na nilipolikosa nililitundika shingoni mwa mtu.

Nurdin akanieleza, na nilimwacha aeleze ingawa nilishaelewa. Kompyuta ikiwashwa huleta katikati jina la aliyeitumia mwisho. Siku ile asubuhi alitumia Mtahiniwa, akaizima. Mchana ukaja wewe mzee, ukaona kuna jina katikati, ukagonga Enta bila kulisoma. Ukaandika chumbani kwake, ukahifadhi chumbani kwake. Kesho yake ukaingia chumbani kwako, hukukuta kitu.

"Ila kwa nini kesho yake lilikuja jina langu?" nikauliza. Nilikuwa bado natafuta pa kutokea.

Salma ndiye aliyejibu. "Kwa sababu kila asubuhi Jovina alikuwa anakuwashia. Akishafuta vumbi anaiwasha, anaingia kwako, anaizima, ili ukute jina lako kama ulivyozoea. Siku moja tu alisahau, nilipomwita haraka twende kwa Bi Nusaiba."

"Ulijua?"

"Nilijua anasoma. Nilimruhusu mie, ukitoka asome. Hilo jina sikulijua."

"Na siku ile mbona hukusema?"

"Ungenisikia?" Akaweka ungo chini. "Nilinyamaza, Baba Najat. Nilikuona ulivyovimba, nikanyamaza. Hilo langu, nalibeba mwenyewe."

Sasa sikiliza ya siku ile, tarehe ishirini na moja, maana wewe ulipata picha tu.

Saa moja asubuhi nikakaa nichape nakala za kupeleka kwa ofisa. Faili hakuna. Nikatafuta, hakuna. Karatasi zilikuwa majivu. Nikasimama katikati ya sebule na majina arobaini na moja yameyeyuka, na jambo la kwanza lililonijia kichwani ni mwaka tisini na sita. Wameyachukua. Nikageuka nikamwona Jovina na tambara la vumbi mkononi. Mtoto wa Muleba, miaka ishirini na mmoja, miaka mitatu kwangu.

"Nani ameshika hii mashine?"

"Mimi nimeiwasha tu, Baba. Kuna nini?"

"Maelezo ya akina mama yako wapi?"

Akafikiri. Nakumbuka uso wake ulivyofikiri, kisha ukapata kitu. Akasogea, akanyoosha mkono kwenye mausi. "Baba, ngoja nikuonyeshe."

Nikausukuma mkono wake. "Usiguse. Umeshagusa vya kutosha."

"Baba, mimi huwa naingia hapo nasoma, lakini nina sehemu ya—"

"Kwa hiyo unakiri."

"Nakiri kusoma. Ngoja basi nikuonyeshe, ni kubonyeza mara moja tu."

Mara moja tu. Sentensi hiyo inanikalia kifuani hadi leo. Alikuwa umbali wa kidole kimoja kutoka kwenye majina yote arobaini na moja, na mie, mtetezi wa wanyonge, nikamshika mkono. Nikamwambia akusanye vitu vyake. Aliondoka na begi moja na ndoo, na pale getini akageuka akamwamkia Salma, "Shikamoo Mama," kama vile anakwenda sokoni. Saa nne nikatuma picha kwenye grupu la mtaa.

Siku Nurdin alipofungua lile folda la Barua, alikuta zoezi la kuchapa. Jovina alichukua kipeperushi changu cha zamani akakinakili mara nne ili vidole vizoee. Mara ya kwanza kimejaa makosa, ya nne hakina hata moja. Kinaanza hivi: "Mfanyakazi yeyote asifukuzwe kabla hajasikilizwa." Maneno yangu hayo. Nurdin aliyasoma kimyakimya, akafunga begi lake, akakataa hata chai.

Nikamtafuta Jovina siku nne. Nilimpata Ukonga, chumba kimoja mtaa wa nyuma ya gereza, anakaa na Elinaza, rafiki yake wa kwaya. Alikuwa uani anafua nguo za watu. Aliponiona akafuta mikono kwenye khanga.

"Shikamoo."

Sikuweza kuipokea vizuri. Nikasema kitu kama marahaba.

Elinaza alikuwa dirishani. "Ndo yeye? Mzee wa Barua? Nilidhani mrefu."

"Mwache," Jovina akamwambia. "Kaa, Baba. Ndoo hiyo igeuze."

Nikakaa juu ya ndoo, ileile aliyotoka nayo kwangu. Nikamweleza yote, saa nane na dakika nane, miwani, vitunguu. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Mimi nilijua tangu asubuhi ile," akasema. "Nilipolala huku nikawaza, atakuwa ameingia kwangu. Nikapiga simu yako mara tisa."

"Niliifungia namba yako."

"Najua."

"Nisamehe, mwanangu."

"Baba, kusamehe tutaongea siku nyingine. Mimi nina shida ya leo." Akanieleza. Mtihani wa maarifa, ule wa wasiopita sekondari, alishaufanya Novemba, zile siku mbili alizoaga kuja huku Ukonga, na Januari majibu yakatoka, amefaulu. Alikuwa anangoja siku nzuri ya kutuambia. Sasa kuna shule ya chekechea Mwenge wamekubali awe msaidizi wa mwalimu. Wanataka barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa alioishi miaka mitatu, yaani mtaa wetu. Mwisho wa kuipokea ni Ijumaa hii. Alikwenda kwa mwenyekiti mara mbili. "Alinitolea simu, akanionyesha picha yangu. Akasema, binti, mimi muhuri wangu siuweki juu ya hii."

"Nitakwenda kwake leo."

"Nenda. Lakini usiniletee pole za huku uani, Baba. Ulinisema mbele ya watu mia sita. Nisafishe mbele ya haohao. Nilipata nyumba mbili za kazi baada ya kwako, zote nimetolewa na simu ya mtu. Ya pili nilikuwa na sufuria jikoni."

Elinaza akaongezea toka dirishani, "Ugali haujaiva."

Mwenyekiti wetu, Godlisten, nilimkuta ofisini na kikombe cha maziwa. Yeye ni mtu wa utaratibu, hilo simnyimi. Akanisikiliza, akachezea muhuri.

"Mzee Mwinjuma, mie nakuamini. Ila wewe ulimwanika mbele ya mtaa mzima, na wao wakasambaza. Nikigonga leo, kesho watasema mzee na mwenyekiti wameelewana. Niletee watu kumi. Wakazi, walioisambaza ile picha. Waje hapa waandike majina yao kwamba walikosea. Nitagonga mbele yao."

"Watu kumi tu?"

"Tu?" akasema, akanywa maziwa yake. "Haya. Walete."

Jumatatu nikaandika kwenye grupu lilelile. Sikujificha. Niliandika nimekosea mie, Jovina hakuuza mtu, faili limepatikana, nililipoteza kwa uzembe wangu, yeyote aliyesambaza picha aje ofisini. Watu mia sita na kumi na mbili. Nikakaa na simu mkononi. Mmoja akaweka kidole gumba. Mmoja akaandika "kumbe". Mmoja akauliza maji yatatoka lini. Kisha ikaja video ya mbuzi aliyepanda juu ya bajaji, na hiyo ikachekewa mpaka jioni. Ile picha ya Februari mie mwenyewe niliihesabu ikirudi kwangu kutoka makundi kumi na moja, mengine ya Mbagala, mengine ya watu nisiowajua. Barua yangu ya Jumatatu haijarudi kutoka popote.

Maelezo ya wanawake nimeshayapeleka kwa ofisa, kwa kuchelewa miezi minne, na kufuli la mlango wa nyuma bado linaning'inia. Nitarudi kwenye hilo. Lakini sina uso wa kudai kufuli la mtu mwingine wakati langu liko kwenye mlango wa msichana aliyenifutia vumbi.

Leo ni Jumatano. Kwenye karatasi ya Godlisten kuna majina manne. La Salma, kwa kunyamaza, na mwenyekiti amelikubali. La Bi Nusaiba, aliyeituma kwa dada zake watatu, akaja na fimbo yake akaandika kwa herufi kubwa. La muuza chipsi wa kona. Na la Nurdin, ambaye si wa mtaa huu, na mwenyekiti amelikata. Kwa hiyo ni matatu. Langu halihesabiwi, na ni haki.

Yamebaki saba. Sikuombi umpende Jovina. Toa simu yako sasa hivi, rudi nyuma mpaka Februari, msichana wa dera la kijani yuko hapohapo ulipomwacha, anacheka. Kila ulikompeleka, peleka na haya: hakuuza mtu, tulimsingizia. Kisha uvae viatu. Ofisi inafunguliwa saa mbili kesho, kalamu ipo, nimeipeleka mwenyewe na haijakauka. Nitakuwa kwenye benchi la nje, na miwani yangu, nasoma jina la kila anayeingia. Njoo uandike lako.